Binti Yetu na Mbio za Nyamira



Wengi wetu hapa Pwani tulikuwa tukiijua nchi ya Wagusii kwa ndizi zake na kwa vinyago vya mawe ya Tabaka, mpaka barua za kujiunga na kidato cha kwanza zilipoanza kuwaita mabinti zetu huko. Mtoto aliyezoea joto la Kisauni hujikuta katika bweni la nchi ya milima, ambako mvua hunyesha alasiri na baridi ya alfajiri humfanya ayaogope maji ya udhu. Hayo mzazi huyatarajia. Asilolitarajia ni kupigiwa simu na kuambiwa kuwa binti yake ni mkimbiaji.

Ndivyo ilivyotokea kwa binti wa mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya umma kandokando ya mji, upande wa Nyamira. Alikimbia mita 800 katika mashindano ya mabweni, akawaacha wote nyuma, na mwalimu wa michezo akaliandika jina lake katika timu ya shule. Siku chache baadaye akapewa vazi la timu: fulana isiyo na mikono na bukta fupi. Aliposema kwamba hawezi kutoka hivyo mbele ya watu, akaambiwa avae kama wenzake au ampishe mwingine. Alimpigia mamake akilia. Mamake naye akanipigia mimi: “Dada, mwanangu namrudisha. Masomo hata Mombasa yapo.”

Nilimwomba asubiri, kwa kuwa mbio katika nchi ile si jambo la kupitisha wakati. Kenya ilipopeleka wanamichezo wake kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, Nyantika Maiyoro wa Kisii alikuwamo, akamaliza wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, mjini Roma, akawa wa sita. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Naftali Temu wa Nyamira, katika mita 10,000, nchini Mexico mwaka 1968. Munich, mwaka 1972, vijana wanne wa Kenya walishinda mbio za kupokezana vijiti, na watatu kati yao, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, walikuwa Wagusii. Naye Yobes Ondieki, mwaka 1993 mjini Oslo, akawa binadamu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27. Mwalimu wa michezo aliyelelewa katika habari hizi, akimwona msichana mwenye pumzi, hamwachi apite.

Mtaniambia kwamba hao wote ni wanaume, nami nakubali. Basi mtazameni Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na tena 2019, aliyezidi kushinda baada ya kuwa mama. Katika marathoni ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, alipata shaba. Aliyepata dhahabu siku hiyo ni Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeikimbilia Uholanzi, naye alipanda jukwaani kupokea nishani yake akiwa amevaa hijabu, na binti wa Kisii amesimama jirani yake. Picha hiyo nilimtumia mdogo wangu bila kuongeza neno.

Akanijibu, na alikuwa na haki, kwamba Sifan hakukimbia nayo. Nikamwambia habari za Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain, aliyeshinda mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006 akiwa amejisitiri tangu kichwani hadi miguuni. Tena kanuni za kimataifa za riadha hazidai bukta. Zinataka vazi liwe safi, lisiwe la kuchukiza, na liwe la kitambaa kisichoonyesha mwili hata kikilowa maji. Nilipoisoma ile ya mwisho nilicheka peke yangu. Nilidhani nimemsikia marehemu bibi akituagiza dukani.

Mdogo wangu alipanda basi, safari ya usiku kucha na zaidi, akaenda kuonana na mwalimu. Alikwenda na maneno makali na hakuyatumia. Mwalimu hakuwa na chuki. Alihofu tu kwamba waamuzi wangemwondoa mtoto mstarini. Walikubaliana: suruali ndefu isiyobana, fulana ya mikono mirefu yenye rangi za shule, na mtandio mfupi uliobanwa usipeperuke. Fundi wa mjini akavishona kwa siku mbili. Hapa sina budi kusema kwamba sehemu ya kosa ni yetu. Tulimfungia mtoto sanduku, tukatia blanketi, masweta na msahafu. Vazi la michezo lenye stara hatukulikumbuka, wala hatukumwandikia mwalimu hata mstari mmoja.

Likabaki suala la Ramadhani. Riadha ya shule za sekondari ni ya muhula wa kwanza, na mwaka 2025 mwezi mtukufu uliingia mwanzoni mwa Machi. Mwalimu alimsogezea mazoezi karibu na magharibi, na jikoni wakamwekea uji wake wa futari. Ama siku ya mashindano, msafiri ana ruhusa yake katika dini, na mipaka ya ruhusa hiyo waulizwe masheikh, si mimi. Yeye alikataa kula. Sikupendezwa, na nilimwambia.

Jioni ile alinipigia kwa simu ya matroni. “Mama mkubwa, nimekuwa wa nne, na wanaoendelea ni watatu.”

Nilinyamaza nikitafuta la kumliwaza. Hakungoja. Alitaka nimtumie mitandio miwili ya rangi ile ile, kwa kuwa wasichana wawili, mmoja wa Lamu na mwingine wa Garissa, wamekwenda kwa mwalimu kuandikisha majina.