Skana Moja, Ufunguo Mmoja na Binti wa Rangwi

 

Nilikuwa kimya kidogo. Nilipanda milimani, Usambara. Mombo, Soni, Lushoto, kisha Lukozi kwenye kabichi na karoti, mpaka Rangwi. Wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae wanapajua, wengi wao hulala kwa masista pale. Baridi yake acha tu. Nilikwenda kutafuta habari ya viazi, nikarudi na habari ya skana.

Ndiyo, skana. Msinicheke kwanza, nisikilizeni.

Kuna ofisi moja maeneo yale, jina lake nalimeza. Siyo ya masista wala ya serikali ya kijiji, kwa hiyo msianze kubahatisha. Ni ofisi ndogo yenye wafanyakazi wanne na kompyuta nne, zimeunganishwa vizuri kabisa kwa waya na kiswichi kilichopigiliwa ukutani. Printa ni moja na wote wanaitumia. Ukibonyeza ukiwa chumba cha mwisho, karatasi inatoka mapokezi. Safi!

Skana nayo ni moja. Inakaa juu ya meza ya bosi, chumbani kwa bosi, na ufunguo wa chumba uko mfukoni mwa bosi. Siku niliyofika, bosi alikuwa Tanga kwenye semina.

Nikiwa pale akaingia binti, amemaliza kidato cha sita. Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu lilikuwa limebakiza siku mbili kufungwa. Fomu yake ilishapigwa sahihi na mihuri yote, kilichobaki ni kuzipitisha kurasa kwenye skana na kuzipakia kwenye mtandao. Ofisi ile huwasaidia vijana kwa kazi hiyo. Dada wa mapokezi akamwambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, njoo Jumatatu, bosi atakuwa amerudi."

Jumatatu! Dirisha linafungwa Jumapili.

Binti hakulia. Alikunja karatasi zake, akazitia kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu, akatafuta usafiri wa kwenda Lushoto. Nauli ilitoka kwenye hela ambayo mama yake aliitenga kwa ajili ya mbegu za viazi. Nilikuwa narudi Lushoto siku hiyohiyo, tukaongozana mpaka kwenye steshenari moja. Kurasa zikapita kwenye skana, fomu ikaenda. Alhamdulillahi.

Sasa tazameni nilichokiona kwenye kioo cha kompyuta ya steshenari ile. Vyeti vya kuzaliwa, vya kidato cha nne, vitambulisho, fomu za mikopo, vyote vya watu wengine, vimetapakaa kama nguo za mtumba. Binti naye akaacha vyake pale. Yeyote mwenye flashi anaweza kuvibeba.

Ndiyo maana nimekasirika, na ndiyo maana naandika.

Siku iliyofuata nikampigia dada wa mapokezi. Kaka, akaniambia, fundi alishakuja. Fundi akasema skana haishirikiwi kwenye mtandao kama printa, kila kompyuta lazima iwe na yake. Akaacha na karatasi ya bei ya skana tatu mpya. Bosi akasema hela hakuna. Basi, hadithi ikaishia hapo.

Jamani! Ukweli nusu ni mbaya kuliko uongo mzima, maana uongo mzima mtu anaushtukia.

Nusu ya kweli ya fundi ni hii. Printa hupokea kazi iliyokwisha. Unaitumia ukurasa, inachapa, mmeachana. Ndiyo maana Windows ina kitufe cha kuishirikisha. Skana ni mazungumzo ya pande mbili. Programu inaiuliza: uko tayari? Nionyeshe picha ya awali. Kata hapa. Nipe nukta 300 kwa inchi. Utaratibu uliozoeleka wa mazungumzo hayo, unaoitwa TWAIN, ulitolewa mwaka 1992, na ulitungwa kwa skana iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo unayoitumia. Kwa hiyo ni kweli, skana ya waya wa USB haina kitufe kile chepesi cha printa.

Lakini kutoka hapo mpaka "nunueni tatu" ni safari ndefu mno. Fundi aliruka njia tatu katikati.

Ya kwanza haina gharama. Ni folda. Skana inabaki kwenye kompyuta moja, programu yake inaelekezwa kuhifadhi kila ukurasa kwenye folda iliyoshirikishwa mtandaoni, na kila mfanyakazi ana kijifolda chake chenye nywila. Unaweka karatasi, unabonyeza, unarudi mezani kwako na faili limeshafika. Kazi hiyo inamalizika kabla chai haijapoa.

Ya pili ni kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo. Itie Linux. Ndani yake kuna mfumo wa SANE, wa bure, ambao tangu mwanzo ulitenganisha skana na meza. Programu yake ndogo iitwayo saned husubiri kwenye mlango namba 6566, na kompyuta nyingine za Linux ulizoziruhusu kwa anwani zake zinaiona skana kana kwamba imechomekwa kwao. Ukiongeza AirSane, hata Mac zinaiona bila kuwekewa programu ya kiwanda. Na kama kompyuta hiyo kuukuu ni laptopu ambayo betri yake bado inashika, umeme wa TANESCO ukikatika ghafla faili halipotei.

Msiseme Linux ni ya Wazungu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Utaalamu tunao. Tunachokosa ni wa kuuliza.

Ya tatu, kama kweli hela ya kununua ipo, nunueni mashine MOJA yenye kuchapa, kudurufu na kuskani, inayoingia kwenye mtandao yenyewe na kutuma ukurasa moja kwa moja kwenye folda. Hapa kuna mtego. Mashine nyingi za zamani hutuma kwa lugha kuukuu ya SMB toleo la kwanza, na tangu mwishoni mwa 2017 Windows 10 mpya zinakuja lugha hiyo ikiwa imefungwa. Fundi mvivu ataifungua, mambo yaende. Lakini hiyohiyo ndiyo iliyopitiwa na WannaCry Mei 2017, ikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza. Kabla ya kulipa, uliza: mashine hii inazungumza toleo la pili au la tatu? Muuzaji akibabaika, ondoka.

Na mtandao mdogo hauelemewi, msitishwe. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli milioni 8.7 hivi. Ukiwa wa rangi na haujabanwa ni takriban megabaiti 26, ambazo waya wa kawaida wa megabiti 100 kwa sekunde unazipitisha kwa sekunde mbili au tatu. Kinachowaua ni kule kupenda "ubora wa juu". Mkiweka nukta 600, ukurasa huohuo unapanda mpaka zaidi ya megabaiti 100, halafu mnalaumu intaneti. Fomu ya maandishi inatosha nukta 200, kijivu. Kabla hata ya kubanwa haifiki megabaiti nne.

Sasa nije kwenye kiini. Hebu fikirini.

Printa unaiamuru ukiwa umekaa. Skana haikubali hivyo. Mtu lazima ainuke, aende, aweke karatasi kwenye kioo. Hakuna mtandao duniani unaobeba karatasi. Kwa hiyo hata fundi angeishirikisha skana ile kwa kompyuta zote nne, binti wa Rangwi angerudi nyumbani vilevile, kwa sababu kioo chenyewe kilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa!

Umeona? Shida haikuwa waya. Ilikuwa ufunguo.

Ofisi zetu zina ugonjwa huu. Kifaa kikinunuliwa kwa ajili ya kazi, kinageuka pambo la cheo. Kikae kwa mkubwa, ili anayekihitaji aingie ameinama. Ukimhoji mkubwa, hasemi hivyo. Atasema "usalama wa nyaraka". Haya, tuijadili hiyo hoja, maana ina uzito na siidharau.

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Cheti cha mtu ni taarifa zake, na ofisi inayokipokea ina wajibu wa kukitunza. Sawa kabisa. Lakini mlango uliofungwa ulikitunza cheti cha binti yule? Ulimsukuma mpaka kwenye kompyuta ya steshenari ambako kila apitaye anakiona. Huo ni usalama wa nani?

Kama mnajali nyaraka kweli, folda ziwe na nywila, kila mtu aone chake tu, faili zifutwe mhusika akishahudumiwa, na skana ikae mapokezi ambako mwenye cheti anakiona cheti chake kikiwekwa kwenye kioo na kurudishwa mkononi. Huo ndio ulinzi.

Najua kuna mdau anakuna kichwa: "Siku hizi simu inaskani, mwandishi unaishi karne gani?" Kweli, simu inasaidia, na binti angekuwa na simu nzuri ningemfundisha mwenyewe. Hakuwa nayo. Kuna na jingine: ofisi ikitegemea simu za wafanyakazi, vyeti vya watu vinalala kwenye picha za simu binafsi, katikati ya picha za harusi na utani wa WhatsApp. Siku mfanyakazi akihama, anahama navyo. Simu ni mwavuli wa dharura. Ofisi inahitaji paa.

Wasambaa wana simulizi ya mfalme wao wa kwanza, Mbegha. Alikuja mgeni, mwindaji. Hakuja na jeshi. Aliua nguruwe waliokuwa wakila mashamba ya watu, akagawa nyama, na watu wakampa ufalme pale Vugha. Alikula cheo kwa sababu aligawa. Wakubwa wetu wa leo wanadhani cheo hulindwa kwa kufungia nyama chumbani.

Kwa hiyo nasema hivi kwa mabosi wa ofisi ndogo wote, Rangwi, Mlalo, Korogwe, hata nyie wa Dar mlio ghorofani: kesho asubuhi ibebeni skana mwipeleke mapokezi. Ni kifaa chepesi, mkono mmoja unatosha. Kisha mwiteni fundi, mwambieni atengeneze folda. Akianza kuleta karatasi ya bei, mwonyesheni mlango, maana mlango mnajua kuutumia.

Na nyie mafundi, vijana wenzangu, msiuze visivyohitajika kwa watu wasiojua. Leo mmepata hela ya skana tatu, kesho mdogo wenu ndiye ataambiwa njoo Jumatatu.

Binti alipanda gari la jioni kurudi, na risiti ya maombi kaishika mkononi. Mama yake atapanda viazi pungufu msimu huu, kwa sababu ya mlango mmoja.

Naomba kutoa hoja.