Makunyanzi ya Kinywa si Maradhi

Limezuka neno ambalo limepokewa upesi mno bila ya kuhojiwa, nalo ni "tiba ya makunyanzi ya mdomo". Limebandikwa milangoni mwa saluni na limepigwa chapa juu ya vikopo vya krimu. Hila yake yote imo katika lile neno la mwanzo. Palipo na tiba pana maradhi, na palipo na maradhi hapakosi mgonjwa. Basi mwanamke aliyelala jana akiwa mzima, aliyetumia kinywa chake miaka khamsini kwa kubembeleza watoto, kupatana bei, kucheka na kuomboleza, huamka leo akaarifiwa kwamba kinywa hicho kinaumwa, na kwamba dawa yake inauzwa.

Neno hilo halina budi kukataliwa, na wa kwanza kulikataa wawe watu wa ushairi. Urembo si dhambi, wala hapana anayedai kuwa uzee ni raha tupu. Lakini kinywa ndicho chombo cha kazi ya mshairi na mwimbaji, na kinachouzwa kwa jina la tiba mara nyingi hulipiwa kwa chombo hicho hicho.

Kwanza ijulikane mistari hiyo ni kitu gani. Midomo ya binadamu imezungukwa na msuli wa mviringo ambao hukaza na kulegea kila mtu anaposema, anapobusu, anapopuliza moto au anapofyonza embe. Kila msuli unapokaza, ngozi nyembamba iliyo juu yake hujikunja. Ujanani ngozi hiyo hujinyoosha mara moja, kwa kuwa imejaa nyuzi za kolajeni na elastini. Miaka ikipita nyuzi hupungua, na mkunjo uliokuwa wa kupita ukawa wa kukaa. Wanawake huupata zaidi, kwa sababu ngozi yao ya mahali hapo ina vitezi vichache vya mafuta na jasho kuliko ya wanaume. Jua huharakisha jambo hilo, na sigara vilevile. Ngozi nyeusi, kwa kinga yake ya asili dhidi ya jua, huchelewa kupata mistari hiyo, lakini haiepuki. Mistari ya kinywa, kwa hivyo, ni njia zilizokanyagwa na maneno.

Sasa itazamwe hiyo dawa. Sindano iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya sumu ya botulini, itokanayo na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Katika miaka ya 1820 daktari wa Kijerumani, Justinus Kerner, alieleza kwa urefu madhara ya sumu hiyo, baada ya kuchunguza watu waliodhurika kwa kula soseji zilizoharibika. Tena Kerner huyo alikuwa mshairi; Robert Schumann alitia muziki mashairi yake kadhaa mwaka 1840. Mtu wa mashairi, basi, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandika jinsi sumu hii inavyolegeza misuli ya mwanadamu. Lau angaliambiwa kwamba iko siku watu watalipa fedha ili wadungwe sumu hiyo karibu na midomo, pengine angalidhani anatungiwa kichekesho.

Sumu hii ina manufaa yake, na haki lazima isemwe. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kutibu makengeza, na mwaka 1989 serikali ya Marekani iliidhinisha matumizi hayo, pamoja na tiba ya kope zinazojifumba bila ya hiari. Huo ni utabibu kweli kweli. Asiyeweza kufumbua macho ni mgonjwa, na anayemsaidia ni tabibu. Mwaka 1992 Jean na Alastair Carruthers wa Vancouver, Kanada, walichapisha khabari za sumu hiyo kulainisha mistari iliyo baina ya nyusi, na mwaka 2002 Marekani ikatoa idhini kwa kazi hiyo pia. Hapo ndipo mpaka baina ya mgonjwa na mnunuzi ulipoanza kufutika.

Tangu idhini ya 2002 hadi ile ya 2024 iliyohusu misuli ya shingo, mistari ya midomo haikutajwa katika idhini za sindano ya Carruthers. Wanaodunga mahali hapo hudunga kwa uamuzi wao wenyewe. Tahadhari hiyo inaeleweka. Sumu huzuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ukaze, na msuli hubaki umelegea miezi mitatu au minne. Paji la uso likilegea, hakuna neno linalopotea. Midomo ikilegea kupita kiasi, mtu hushindwa kupiga mbinja, hushindwa kunywa dafu kwa mrija, maji humvuja pembeni, tabasamu huenda upande mmoja, na herufi za b na p humteleza. Wadungaji waangalifu hutumia kipimo kidogo sana, na huwashauri waimbaji na wapuliza ala wajiepushe kabisa. Mpiga zumari na mwimbaji wa taarabu wamo katika onyo hilo. Kwa nini mshairi asiwemo?

Watu wa pwani hawahitaji kufunzwa upya thamani ya midomo. Mtoto anayesoma tajwidi chuoni huambiwa mapema kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea: ba, mimu na wau hutoka midomoni, na fa hutoka pale mdomo wa chini unapogusana na meno ya juu. Mwalimu humrejesha mara kumi ili asiharibu herufi moja tu. Na Kiswahili chenyewe kimeegemea midomo mno. Mama, baba, bibi na babu ni maneno ya midomo. Mtu na watu huanza kwa midomo, kwa hivyo ngeli nzima ya binadamu imejengwa juu ya m na w. Kila kitendo kikitajwa kwa jina lake hutanguliwa na ku, na u haitamkiki vyema pasipo kuviringa midomo: kupenda, kulia, kuimba, kufa. Vina vya mashairi mangapi vimesimama juu ya bo, mu, po na vu? Kuudhoofisha msuli huo kwa ajili ya mistari michache ni kama kulegeza nyuzi za udi ili mbao yake isikwaruzwe.

Sindano ya pili hujaza badala ya kulegeza. Hutumia asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitenga mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka katika jicho la ng'ombe, na ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2003 kwa mikunjo inayoteremka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Hii haiibi herufi kama ile ya kwanza. Lakini mshipa mkubwa wa damu wa uso hupita jirani na mikunjo hiyo, na sindano ikiingia ndani ya mshipa, kipande cha ngozi chaweza kufa, na mara chache mtu hupofuka. Mwenye ujuzi huijua njia ya mshipa na huweka karibu dawa ya kuyeyusha alichokitia. Asiye na ujuzi ana kiti, kioo na bei nafuu. Juu ya hayo, kitu hicho huyeyuka chenyewe, na aliyeanza hana budi kurudi tena na tena. Hakununua uso mpya. Ameupanga, na kodi haina mwisho.

Dhidi ya biashara hiyo yote inatosha kuwekwa sura moja. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2006 ikatoka filamu ya maisha yake, As Old as My Tongue, yaani umri wake ni sawa na umri wa ulimi wake. Uso wake ulikuwa umejaa makunyanzi, na yaliyozidi yalikuwa yale yaliyozunguka kinywa. Watu waliokata tiketi na kusafiri ili wamsikilize hawakuyavumilia makunyanzi hayo kama ila. Waliyatazama wakajua kwamba sauti inayotoka hapo imepita mahali pengi. Kinywa kile kingelainishwa, wangepoteza ushahidi.

Wako watakaojibu kwamba uso ni mali ya mwenyewe, na hapana aliyepewa mamlaka juu ya kioo cha mwenziwe. Hilo ni kweli, na hakuna anayetaka kuwaandama wanawake waliokwisha kudungwa. Wako pia watakaosema kwamba kujipamba ni ada ya pwani tangu na tangu. Hilo nalo ni kweli. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alimhimiza ajipambe na ajitie manukato. Liwa, singo, hina, wanja, asumini na udi havikuletwa na meli ya jana. Lakini hina haimwambii mwanamke kuwa mkono wake ulikuwa mgonjwa kabla ya kutiwa rangi. Asumini haidai kwamba nywele zilikuwa na kasoro. Pambo huongeza juu ya mtu alivyo. Hii inayoitwa tiba huanza kwa kumtia aibu, kisha ikamuuzia namna ya kujificha.

Na washairi wenyewe hawawezi kunawa mikono. Karne kwa karne wamesifu midomo laini, mwanya wa meno na vishimo vya mashavu. Na kishimo cha shavu ni nini ila ngozi iliyojikunja, mara nyingi kwa sababu msuli wa chini yake umegawanyika? Mkunjo mmoja umetungiwa mashairi, mwingine umeachiwa wauza krimu. Mwanamume akiota mvi huitwa mtu wa busara. Mwanamke akipata mstari juu ya mdomo huambiwa amechakaa. Wafanyabiashara hawakuianzisha dharau hiyo. Waliikuta imetandikwa, wakakaa.

Khatari kubwa zaidi, hata hivyo, haimo katika sindano, ambayo ni ghali na wengi hawaifikii. Imo katika vikopo vya bei ndogo. Krimu nyingine zinazouzwa kuwa huondoa makunyanzi au madoa zina zebaki, ambayo huharibu figo na neva, tena humfikia mtoto kwa taulo na shuka za mama. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la Minamata, mji wa pwani ya Japani ambako mwaka 1956 iligunduliwa maradhi ya watu waliokula samaki wenye sumu hiyo. Mkataba ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni baada ya mwaka 2020, na mkutano wa 2023 ukaamua viondolewe vyote ifikapo 2025. Walaji samaki wa visiwani wana kila sababu ya kulikumbuka jina hilo kila wanapofungua kikopo kisichotaja kilichomo, au kinachotaja kalomeli. Krimu nyingine hutiwa steroidi, ambayo huifanya ngozi iwe nyembamba zaidi, na ikipakwa karibu na mdomo huleta vipele vyekundu kuzunguka midomo. Mnunuzi alikuwa na mistari. Sasa ana mistari na vipele. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Hata dawa yenye ushahidi ina deni lake. Tretinoini hupunguza mistari myembamba kiasi, kwa miezi ya subira, na haishauriwi kwa mjamzito. Ikimwasha mwenye ngozi nyeusi, huweza kumwachia madoa meusi. Jina lililoitangaza ni la Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye majaribio yake ya ngozi katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, yalifanywa kuanzia 1951 hadi 1974 juu ya miili ya wafungwa, wengi wao watu weusi. Mji wa Philadelphia uliomba radhi mwaka 2022. Ulaini una historia, na historia hiyo haikuandikwa juu ya kikopo.

Ikiwa kinywa kinataka kutunzwa, na kitunzwe kwa yanayokifaa. Sigara iachwe. Kivuli kitafutwe jua la mchana linapokuwa kali. Meno yatibiwe mapema, kwa kuwa taya la kibogoyo hupungua na midomo hubonyea ndani. Meno ya bandia yaliyotengenezwa vyema huinua mdomo, na juu ya hayo hurejesha chakula na matamshi. Watafunaji wa tambuu wajue kwamba popoo, hata pasipo tumbaku, imethibitishwa na wataalamu wa kimataifa kuwa husababisha saratani. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki tatu kipelekwe hospitali bila ya haya. Hayo ndiyo maradhi ya kinywa, na fedha za makunyanzi zielekezwe huko.

Kinywa ni jumba la maneno. Jumba likikaa watu miaka sitini, kizingiti chake hulika. Mwenye akili hutazama kizingiti hicho akajua kwamba nyumba hii haikosi wageni. Washairi waanze kukiimba kizingiti hicho, wakiite kwa jina lake, wakisifu mbele ya mabinti zao, kabla wauza vikopo hawajawashawishi wakubali kwamba alama ya maneno ni ugonjwa.