Shangazi wa Charley aje Boko

Wiki nzima hii kundi letu la fasihi halielewani. Tunatakiwa tuchague mchezo wa kuigiza wa mwisho wa muhula, mimi nikapendekeza Charley's Aunt. Kelele zilizozuka hapo! Mmoja akasema huo ni mchezo wa wakoloni. Mwingine akasema vichekesho si kazi ya mwalimu mtarajiwa, tutafute kitu kizito. Muda ukaisha kabla sijajibu, basi najibu hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Kwa ambaye hajausikia: aliuandika Mwingereza Brandon Thomas, ukaonyeshwa mara ya kwanza Februari 1892 katika mji wa Bury St Edmunds. Desemba mwaka huo huo ukaingia London, na huko ukachezwa mara 1,466. Jack na Charley, wanachuo wa Oxford, wanataka kualika mabinti wawili chumbani kwa chakula cha mchana. Zama zile binti wa heshima haingii chumba cha kijana bila mtu mzima wa kike. Bahati nzuri Charley ana shangazi, mjane tajiri anayekuja kutoka Brazil, ambaye hajawahi kumwona. Shangazi anachelewa. Wafanyeje? Wanamkamata rafiki yao Babberley, aliyekuwa na gauni na wigi tayari kwa ajili ya maigizo, wanamvalisha. Wazee wawili wanasikia habari za utajiri wake, wanaanza kumtongoza. Halafu shangazi wa kweli anaingia, anaona mambo yote, na anakaa kimya atazame mwisho wake!

Sasa niambieni, aliyekaa hosteli yenye matroni na saa za wageni, bumu limekata wiki ya tatu na mgeni anakuja, huo mchezo haumhusu?

Lakini huyu aliyesema wakoloni, hoja anayo, tena nzito kuliko alivyoieleza. Mchezo ulisafiri na himaya. Mwigizaji Frank Thornton aliupeleka Australia miaka ile ile ya 1890. Huku kwetu Wazungu walijijengea utamaduni wao wa jukwaa: Dar es Salaam Players wakaanza 1947, Arusha Little Theatre 1953, na Nairobi kulikuwa na ukumbi wa Donovan Maule na mkewe uliowapa walowezi tamthilia za London. Michezo ya namna hii ndiyo ilikuwa chakula chao. Ilikuwa dawa ya kukumbuka nyumbani, mtu anacheka saa mbili kama vile nje hakuna mbu na hakuna sisi.

Na bendera kushuka hakukumaliza neno. Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru wa Kenya, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ziligombania siku za kuonyeshwa katika ukumbi wa taifa Nairobi, kwa sababu maonyesho ya vikundi vya wageni yalishika nafasi. Kwa hiyo ugomvi ni wa ufunguo wa mlango. Mchezo wenyewe ukiwa mikononi mwako unaufanya unavyotaka.

Kinachonikera mimi ni kingine, na darasani hakuna aliyekigusa. Shule za kikoloni zilileta maigizo ya Kizungu tangu miaka ya 1920, na vijana wetu wakaanza kubuni vya kwao papo kwa papo. Ndipo vikakua hivi tunavyoviita vichekesho. Penina Muhando na Amandina Lihamba wameliandikia jambo hili. Hata Ebrahim Hussein, huyu huyu wa Kinjeketile, alichota humo alipoandika Alikiona. Kwa hiyo anayedharau vichekesho aanze na Hussein, tumsikie.

Ila tazama nani alichekwa. Kule Oxford kicheko kinawaangukia wazee wenye tamaa ya mali. Huku mara nyingi kilimwangukia mshamba, yule aliyetoka kijijini asiyejua mambo ya mjini. Mtoto wa shule alivaa kaptula mpya akafundishwa kumcheka babu yake. Na hatujaacha! Washa simu yako sasa hivi: lafudhi ya mtu wa bara, mama aliyeshuka basi na kuku wake. Mimi mwakani huenda nikapangiwa mafunzo ya vitendo kijijini, nifundishe watoto wa huyo mama. Nitawaigizia nini?

Ndiyo maana namtaka shangazi huyu, ila aje kwa masharti yetu. P.K. Atre alipouhamishia mchezo kwa Kimarathi aliuita Moruchi Mavshi, na mavshi ni dada wa mama. Sisi tukisema shangazi tumeshasema dada wa baba, mtu mwenye sauti katika ndoa za watoto wa kaka yake. Shangazi bandia hapo anaanza kupanga posa na kudai haki zake, kitu ambacho Thomas hakukiwaza kabisa. Atatoka Maskati badala ya Brazil, maana nyumba ngapi za pwani zina shangazi wa Maskati anayejulikana kwa sauti ya simu tu? Utani wao wa karanga za Brazil nimeufanya wa halua.

Kuhusu gauni: tangu enzi za Ze Comedy, Joti ametuonyesha mwanaume aliyevaa kike anavyochekesha. Kwa Babberley raha ni kumwona mwanaume akishindwa kazi ya kuwa mwanamke. Wengi siku hizi wanaweka mito nyuma wakacheke maumbile ya dada zetu. Hilo kwangu halipiti.

Thomas alifariki 1914, hakuna wa kutudai haki. Sehemu ya kwanza nimeshaitafsiri, nusu niliiandika kwenye daladala kati ya Tegeta na Mwenge, ndiyo maana mwandiko umepinda. Kura ni Ijumaa. Ninachokosa ni mvulana mmoja mwenye sauti nzito na ndevu ambaye haogopi dera, na kuna mtu wa mwaka wa pili ninamtazama sana tu.