AI haitamfuta mwanafizikia, lakini inaubana mlango wako wa kuingilia

Tuseme umemaliza kidato cha nne, alama zako za fizikia si mbaya, na unangoja KUCCPS ifungue tovuti ujaze kozi. Huenda kuna mjomba au beshte wa mtaa ambaye ameshakwambia: "Achana na fizikia. AI itakuwa inafanya hiyo kazi yote kabla hujahitimu." Usimcheke. Swali lake ni la maana, na linahitaji jibu lenye mifano, si maneno matamu ya kukutia moyo.

Hebu kwanza tumpe mjomba haki yake. Oktoba 2024, Tuzo ya Nobel ya Fizikia iliwaendea John Hopfield na Geoffrey Hinton kwa kuweka misingi ya mashine zinazojifunza. Kesho yake, nusu ya tuzo ya Kemia ikachukuliwa na Demis Hassabis na John Jumper wa Google DeepMind, ambao programu yao hubashiri maumbo ya protini. Umbo moja lilikuwa likiweza kumweka mwanafunzi wa uzamifu maabarani kwa miaka. Sasa jibu la kuanzia linapatikana haraka kwenye kompyuta.

Si hilo tu. Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hukutana mara milioni 40 kila sekunde. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kufuatilia hayo. Kompyuta ndizo zinazoamua, kufumba na kufumbua, data gani ihifadhiwe na gani itupwe, na sehemu ya uamuzi huo imeanza kuachiwa akili unde. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti walionyesha mwaka 2022 kwamba AI inaweza kuongoza koili 19 za sumaku zinazoshikilia gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, ndani ya mtambo wa kutafuta nishati ya nyuklia inayofanana na ya jua.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kazi za kusafisha data, kuandika programu, kuendesha majaribio ya kompyuta na kupitia makala mia moja za utafiti zitafanywa na mashine, jibu langu ni kwamba tayari zinafanywa. Hapo hatuna cha kubishania.

Lakini mtafiti hamalizi kazi yake akishapata jibu. Lazima pia ajue kama jibu hilo ni la kweli, na hapo ndipo mjomba anapoteleza.

Chukua kisa cha maabara ya Berkeley, Marekani. Novemba 2023 ilitangazwa kwamba roboti zikiongozwa na AI zilikuwa zimetengeneza nyenzo mpya 41 kwa siku 17, karibu bila mkono wa binadamu. Dunia ikapiga makofi. Baadaye wanasayansi wengine, wakiwemo Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton, wakakaa chini na kuzichunguza data hizo moja baada ya nyingine. Wakasema hawakuona nyenzo hata moja iliyokuwa mpya kweli. Nyingi zilikuwa zinajulikana zamani, ila mashine ilizisoma vibaya. Waliojenga maabara hiyo walitetea kazi yao, na mjadala ukawa mkali. Angalia lakini nani aliyeushtukia mchezo: ni watu waliotumia miaka mingi wakitengeneza nyenzo kama hizo kwa mikono yao, hadi wakajua grafu yenye kasoro inafananaje.

Halafu kumbuka kwamba utabiri wa wakubwa hauwi sheria. Hinton huyohuyo wa Nobel alisema mwaka 2016 kwamba watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa sababu ndani ya miaka mitano, pengine kumi, mashine ingewapita. Hadi leo hospitali bado zinawatafuta madaktari hao. Mashine imewasaidia kusoma picha, lakini mgonjwa bado anahitaji mtu wa kubeba dhamana ya majibu.

Basi tupumue? La, hapana. Kuna hatari nyingine ambayo haizungumziwi sana, na ndiyo inayokugusa wewe moja kwa moja.

Mwanafizikia hazaliwi akiwa profesa. Huanza kama mwanagenzi, akipewa kazi za kuchosha ambazo wakubwa hawazitaki. Mwaka 1967, Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamifu Cambridge, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kukagua kwa macho karatasi ndefu zilizochorwa na darubini ya redio, mita kwa mita, siku baada ya siku. Katikati ya michoro hiyo aliona alama ndogo ya ajabu, ambayo ingeweza kupuuzwa kama kelele za mitambo. Aliifuatilia. Ikawa ni pulsa, aina ya nyota inayozunguka kwa kasi na kutuma mawimbi ya redio kwa mpigo sawasawa, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kabla.

Leo karatasi zile angekabidhiwa nani? Mashine, bila shaka. Huenda ingeiona alama ile mapema kuliko Bell, au ingeifuta kama uchafu. Inategemea imefundishwa nini. Lakini tuseme imeiona. Je, kijana atajifunzia wapi kutofautisha kelele na ugunduzi, ikiwa kazi zote za kujifunzia zimepewa mashine? Profesa anayeweza kupata programu ya kumfanyia kazi ya wasaidizi watatu atashawishika kuajiri mmoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pigo litatua: kwa anayebisha hodi, kabla halijamfikia aliyeketi ndani.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa ziada, maana nafasi za utafiti zilikuwa chache hata kabla ya ChatGPT. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013 iliweka lengo la kutenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na lengo hilo halijafikiwa. Huwezi kuilaumu AI kwa hilo.

Tena tuna historia ya kutufunza. Desemba 12, 1970, Jamhuri Dei, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Data yake ilisaidia kutambua Cygnus X-1, kitu ambacho baadaye wanasayansi walikubaliana ni shimo jeusi. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Maswali, vifaa na data vilikuwa vya wageni.

Safari hii mambo yanaweza kwenda tofauti. CERN imeweka data nyingi wazi mtandaoni, bure, na watafiti wa mawimbi ya mvutano wamefanya vivyo hivyo. Ukiwa na laptopu, bando na AI ya kukusaidia kuandika programu, unaweza ukiwa Juja au Maseno kuanza kuichambua data ambayo zamani ilikuwa ya vyuo vya matajiri pekee. Na fizikia haiishii angani. Mashine za tibaredio za saratani zinahitaji wataalamu wa kupima miale. Mvuke wa Olkaria na utabiri wa hali ya hewa pia vinahitaji watu wanaoelewa vipimo. Kazi hizi zinadai mtu wa kusimama na kusema: kipimo hiki nimekikagua, na ni sahihi.

Kwa hivyo usikimbie fizikia, lakini pia usiisome kama walivyoisoma waliokutangulia. Ukipewa swali, lifanye kwanza kwa kalamu, kisha iulize AI, kisha tafuta ilipokosea. Shika vifaa. Pima kitu halisi, hata kama ni paneli ya sola ya nyumbani.

Na kabla hujajaza kozi, tembelea idara ya chuo unachokitaka na uulize mambo matatu. Vifaa vya maabara vinafanya kazi? Mradi wa mwaka wa mwisho unamtaka mwanafunzi apime kitu mwenyewe, au ni wa kunakili tu? Nani anawafundisha wanafunzi kukagua majibu ya AI? Wakianza kubabaika, tafuta chuo kingine. Kozi usibadilishe.