Kengele ya mapumziko: waraka wa wazi kwa Afisa Mdhamini wa Elimu Pemba

Kwa Afisa Mdhamini,
Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Pemba.



Mimi ni mama wa Chake Chake, na mwanangu wa miaka 9 ana usonji. Nakuandikia juu ya jambo moja: dakika za mapumziko skuli.

Siku moja niliitwa nikamchukue. Nilimkuta nyuma ya darasa, kaziba masikio kwa viganja, kola ya shati kaitafuna mpaka imerowa. Nikaambiwa kampiga mwenzake, keshachapwa bakora, na bado hataki kuomba radhi. Nilipomuwekea mkono kifuani, moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Viganja vilirowa jasho, na asubuhi ile haikuwa na joto. Njiani mzee mmoja akanambia kwa huruma: "Binti yangu, huyu ana shetani, mpeleke akasomewe." Dua sizikatai, namuombea kila swala. Lakini nililoligusa kwa mkono wangu lilikuwa hofu.

Hofu ina njia yake mwilini. Mtu akitishika, ubongo huziamrisha tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimwage homoni, mojawapo ikiitwa kotisoli. Moyo hukimbia, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Kotisoli hupimika hata kwenye mate. Huko Marekani, mtafiti Blythe Corbett na wenzake waliwapima hivyo watoto wenye usonji na wasio nao, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kila mtoto alipitishwa katika mambo mawili: kuzungumza mbele ya watu asiowajua wanaompima, na kucheza uwanjani na watoto wenzake. Kuzungumza kuliwapandisha kotisoli watoto wasio na usonji, ilhali wenye usonji hakukuwapandisha vile. Uwanjani mambo yakageuka: walioonesha mwili kutaabika zaidi ni wenye usonji.

Niliposoma hayo nikamuelewa mwanangu. Mwalimu humuita ubaoni, naye husimama bila kutetemeka, basi huonekana hana tatizo na fujo za uwanjani huitwa utukutu. Kumbe mapumziko yanayowapumzisha wenzake ndiyo yanayomlemea yeye. Watoto wanakimbia kila upande, mchezo unabadilishwa masharti katikati, na kicheko hajui kama ni cha mapenzi au cha kumkejeli. Ukimtia bakora hapo, unaongeza hofu juu ya hofu.

Nyumbani tunajua kinachomtuliza. Msimu wa karafuu hukaa jamvini na bibi yake, wakitenga karafuu na makonyo. Bibi hamsemeshi wala hamtazami sana. Haupiti muda mrefu mabega humshuka, pumzi ikarudi, akaanza kuimba mwenyewe kwa sauti ndogo.

Ndugu Afisa Mdhamini, nina maombi matatu. Kwanza, kila skuli itenge pahala pa kivuli na kimya, hata chini ya mwembe, na mtoto mwenye usonji aruhusiwe kwenda huko wakati wa mapumziko bila kuulizwa. Pili, walimu wote wafundishwe kuzitambua dalili: kuziba masikio, jasho, kutafuna nguo, kupunga mikono. Somo hili lisiachiwe walimu wa elimu mjumuisho peke yao. Tatu, mtoto aliyefikia hali hiyo asichapwe. Aachwe atulie kwanza, aulizwe baadaye.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kifungu cha 24 kinataka mtoto asaidiwe ndani ya mfumo wa elimu wa watu wote. Ninayoyaomba hayahitaji jengo jipya wala mashine. Agizo la afisi yako na siku chache za mafunzo zinatosha kuanzia.

Kesho kengele itagongwa tena na mwanangu atatoka uwanjani pamoja na wenzake. Naomba akute huko mwalimu anayejua kwa nini kaziba masikio.

Wako katika kuwalea watoto wetu,
Mama wa mwanafunzi, Chake Chake, Pemba.