Mafuta ya Mwilini si Ghala Tu

Katika shule zetu mwanafunzi hufundishwa kwamba mafuta ya mwilini ni akiba ya nguvu na kinga ya baridi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Kwa maoni yangu, kuishia hapo ni kumnyima kijana elimu itakayomfaa maishani.

Tuanze na jambo la kawaida. Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo ni kazi ya chembe za kinga zinazopambana na vijidudu. Hali hiyo tuiite mwako. Mwako wa siku chache huponya. Mwako mdogo usiozimika huharibu mishipa ya damu na kuvuruga kazi ya insulini.

Mafuta yana sehemu kubwa katika jambo hili. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali inayochochea mwako. Mwaka uliofuata Jeffrey Friedman na wenzake, huko New York, waligundua leptini, homoni itokayo katika mafuta na kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Mafuta yakizidi, hasa tumboni, chembe zake hutanuka, nyingine hufa, na chembe za kinga hukusanyika hapo. Adiponektini, homoni ya mafuta inayotuliza mwako, nayo hupungua. Hata hivyo, mwenye njaa hana salama: leptini ikipungua mno, kinga hudhoofika. Basi mafuta si adui. Yanafanya kazi kama kiungo, na yana kipimo chake.

Huenda mwalimu aliyeko Kapalamsenga, mkoani Katavi, akauliza: haya ya panya wa ng'ambo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 2021 wataalamu wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walitangaza uchunguzi wa watu 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, kaskazini mwa Tanzania. Chembe za kinga za watu wa mjini ziliwasha mwako kwa wepesi zaidi, na chakula kilionekana kuwa sababu mojawapo. Mwaka 2025 walitangaza jaribio la wanaume 77. Wanakijiji waliokula vyakula vya namna ya nchi za Magharibi kwa wiki mbili, dalili za mwako ziliongezeka. Watu wa mjini waliorudia vyakula vya asili vya Kilimanjaro, dalili hizo zilipungua.

Wiki mbili hazitoshi kuota kitambi. Maana yake ni kwamba chakula chenyewe huwasha moto, na kitambi hufuata kuongeza kuni. Kwa hiyo tusikubali kijana wa Kapalamsenga aamini kwamba maharage, kisamvu na samaki wa Ziwa Tanganyika ni chakula cha kimaskini, wala kwamba kitambi ni cheo.

Nawashauri walimu wafanye zoezi lisilohitaji maabara. Kila mwanafunzi akate uzi wenye urefu wake, aukunje katikati, kisha ajipime kiuno faraghani, asichekwe na mtu. Uzi uliokunjwa ukikizunguka kiuno, ni vyema. Usipokizunguka, somo la baiolojia limekwisha kuwa somo la maisha yake.