Unahurumia bando, unaua Termux

Naandika kutoka Ujiji, niko nyumbani nafanya fildi. Laptopu sina, kazi zote za Python nazifanya kwenye simu, ndani ya Termux. Leo sina stori ya ziwa wala dagaa. Leo nina ugomvi na nyie.

Hosteli kwetu kuna ushauri unazunguka: "Weka programu unayoitaka tu, ukisasisha zote bando linakwisha." Na mimi nikaufuata. Juzi usiku nikaongeza pakeji moja, ndogo tu. Kurudi kwenye hesabu za ripoti, inayotakiwa asubuhi, Python ikagoma: CANNOT LINK EXECUTABLE. Nilikesha, jamani.

Sasa sikilizeni. Debian stable matoleo yake yamegandishwa pamoja, ndiyo maana unaweza kuongeza programu moja baada ya miezi na isilete vurugu. Termux haiko hivyo. Ghala lake linasonga kila siku. Ukichukua programu mpya, inakuja na maktaba mpya kama OpenSSL, na zile za zamani ulizobakiza zinaanza kutafuta maktaba ambayo haipo tena. Fundi wa boti hapa mwaloni hachanganyi spea za injini mbili halafu akasema "itajipa". Nyie mnachanganya kila siku, halafu mnasema Linux mbovu!

Najua mtaniambia, "Wewe una hela ya bando." Sina! Kukwepa kusasisha kumenila mabando mawili usiku mmoja. Bando haliokolewi kwa kukwepa, linaokolewa kwa kupunguza mizigo. Ile pakeji uliyoiweka siku moja kujaribu, ikitoka mpya unaishusha tena, hata kama huitumii. Kwa hiyo anza na pkg uninstall kwa usizozihitaji, halafu apt autoremove ifagie zilizozifuata. Ndipo uandike pkg upgrade. Itakwambia inataka kushusha MB ngapi, itasubiri ujibu y au n. Programu gani nyingine kwenye simu yako inakuomba ruhusa kwa adabu hivyo kabla ya kula bando?

Fanyeni hivyo kabla hamjaongeza kitu, tena mkiwa bado chuo kwenye waya-lesi ya bure, sio usiku wa kukabidhi kazi.

Anayebisha aje na hoja, asije na "mbona yangu inafanya kazi". Hata yangu ilikuwa inafanya kazi mpaka juzi.

Nawasilisha. Ngoja nikalale.